Tunaomba mchungaji mpya: tumtafute wa namna gani?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri upande wa Ahero, kaunti ya Kisumu. Mchungaji wetu anastaafu Desemba, na ofisi ya askofu imetutaka tueleze tunahitaji mtu wa namna gani. Vijana wanataka anayehubiri kwa moto na kuombea wagonjwa. Akina mama wanataka anayetembelea nyumba. Wazee wenzangu wengine wanataka anayejuana na wafadhili ili tumalize jengo. Na wapo wanaosema kichinichini kwamba lazima awe mtu wa kwetu. Tuanzie wapi?

JIBU: Salamu kwako mzee, na kwa baraza lote. Maombi hayo manne yana sababu zake, na hakuna hata moja la kupuuzwa. Lakini tazama: hakuna linalotaja kiini cha kazi ambayo mchungaji wa Kilutheri huwekewa mikono aifanye. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, linasema katika kifungu cha nne kwamba mtu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Kifungu cha tano kinafuata papo hapo: ili tuipate imani hiyo, Mungu ameweka huduma ya kufundisha Injili na kutoa sakramenti. Hiyo ndiyo kazi. Kutembelea nyumba, kuombea wagonjwa na kusimamia jengo hupata maana yake hapo. Kwa hiyo anzeni kwa kupima mahubiri, kisha ufundishaji, kisha mwenendo. Mambo mengine yaje baadaye.

Mwombeni askofu huyo anayependekezwa aje kuhubiri kwenu Jumapili mbili, si moja. Karibu kila mhubiri ana hubiri moja zuri analolijua kwa moyo. La pili ndilo litakaloonyesha anavyofanya kazi wiki kwa wiki. Na afuate somo la siku hiyo katika kalenda ya kanisa, asichague mwenyewe.

Wazee wawili wakae nyuma na daftari, kila ukurasa umegawanywa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto waandike kila jambo ambalo Mungu ndiye mtendaji: Kristo amekufa, amefufuka, amekubatiza, anakusamehe, anakulisha mwili na damu yake. Upande wa kulia waandike kila jambo ambalo msikilizaji anaambiwa atende: omba, toa, funga, acha, jitahidi, amini zaidi. Baada ya ibada tazameni kurasa hizo pamoja. Pande zote mbili lazima ziwe na kitu, maana sheria ya Mungu inahitajika; asiyehubiri dhambi kwa jina lake huishia kutangaza msamaha ambao hakuna anayeuhitaji. Lakini upande wa kulia ukijaa na wa kushoto ukiwa na maneno mawili tu, kwamba Mungu ni mwema na Mungu anaweza, basi watu wamerudi nyumbani na mzigo wa kazi bila Mwokozi. Tazameni pia mwisho wa hubiri. Sheria ikitangulia na Injili ikafuata, mtu aliyechomwa hutibiwa. Yule anayetangaza msamaha kisha akafunga kwa kusema “lakini lazima ufanye hivi na hivi ndipo Mungu akupokee” amekwisha uchukua tena.

Kosa jingine husikika zuri sana: Kristo anatajwa mara nyingi, ila kama mfano tu wa kuigwa. Alikuwa mnyenyekevu, nasi tuwe wanyenyekevu. Hilo ni kweli, lakini halijamsaidia mama aliyemzika mwanawe Jumamosi.

Kuhusu moto wanaoutaka vijana: sauti ya mtu kupanda kwa sababu neno ni zito si kosa hata kidogo, na hubiri lililosomwa kwenye karatasi bila kuinua macho si lazima liwe la Kilutheri zaidi. Msikubali tu sauti ichukue nafasi ya jambo linalosemwa. Waiteni vijana wawili washike daftari lile lile. Mara nyingi wakishaandika wenyewe, huona bila kuhubiriwa na mtu.

Kuombea wagonjwa kunataka uangalifu zaidi, hasa kwetu huku. Waraka wa Yakobo sura ya tano unawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa, kwa hiyo mchungaji asiyefanya hivyo anaacha sehemu ya kazi yake. Lakini kuomba ni jambo moja, na kuahidi uponyaji ni jingine. Muulizeni waziwazi: “Mshirika anayemeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi akikwambia ameota amepona na anataka kuziacha, utamwambia nini?” Jibu linalofaa ni kwamba ataomba naye, atamshukuru Mungu pamoja naye, na atamwambia aendelee na dawa na arudi kliniki. Ulizeni vilevile kuhusu mtoto mwenye selimundu au kifafa, magonjwa ambayo familia nyingi hapa huyahesabu kuwa chira au laana. Akisita, au akisema “itategemea imani yake”, simameni hapo. Imani ya namna hiyo humgeuzia mgonjwa lawama: asipopona, ataambiwa hakuamini vya kutosha. Hapo mtu amepoteza afya, na amepoteza pia faraja ya ubatizo wake.

Baada ya mahubiri, mpeni darasa. Nusu saa na watoto wa kipaimara, wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 mkononi. Mchagulieni sehemu moja, kwa mfano ombi la tano la Sala ya Bwana, “utusamehe makosa yetu”. Mtume Paulo anapotaja sifa za msimamizi wa kanisa katika 1 Timotheo 3, nyingi ni za mwenendo ambao kila Mkristo anadaiwa. Inayomtofautisha na wengine ni “ajuaye kufundisha”. Basi angalieni: je, watoto waliuliza maswali? Alipoulizwa asilolijua, alikiri au alizungusha? Aliwafanya wakariri tu, au alieleza maana kwa mambo wanayoyaona shambani na shuleni? Kukariri ni kwema, maana maneno yaliyokaa kichwani humfuata mtu mpaka kitanda cha hospitali. Kukariri pasipo maana ndiko humfanya kijana aache kanisa wiki moja baada ya kipaimara. Mkitaka kujua usharika utakuwaje miaka kumi ijayo, darasa hili litawaonyesha zaidi ya mimbari.

Kisha kaeni naye ofisini, watu watano hadi saba, wakiwamo akina mama wawili na kijana mmoja. Msimuulize maono yake. Kila mtu ana maono. Muulizeni visa.

Mtoto mchanga anakaribia kufa saa nane usiku, mvua imenyesha, barabara ya Nyando imefungwa na maji, mchungaji hawezi kufika. Mama anaweza kumbatiza? Mchungaji wa Kilutheri atajibu ndiyo, mara moja: kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Mkristo yeyote anaweza wakati wa dharura. Ubatizo huo ni halali, haurudiwi. Akipona ataletwa kanisani utangazwe na uandikwe kwenye rejista. Anayesema mtoto huyo abatizwe upya hajaelewa kwamba mbatizaji ni Mungu.

Mtu wa kanisa jingine amekuja siku ya Meza ya Bwana na anataka kushiriki. Mchungaji atafanyaje? Hapa msikilize mambo mawili, mafundisho na upole. Anayempokea kila mtu bila neno hajali kile anachogawa. Anayemfukuza mgeni mbele za watu hajui kuchunga. Atakayesema nitazungumza naye kabla ya ibada, nimuulize anaamini nini kuhusu mwili na damu ya Bwana, nimkaribishe darasani, huyo amefikiri.

Mjane anashinikizwa na shemeji zake arithiwe la sivyo atoke bomani. Mwanamume mwenye wake watatu anataka kubatizwa. Familia inataka matanga ya wiki mbili na imemwomba mchungaji atangaze mchango. Kwa visa hivi msitafute jibu moja sahihi la maneno matatu. Tafuteni mtu anayejua kanisa lake limeamua nini, anayejua atamshirikisha nani, na ambaye hatamwacha mjane peke yake mbele ya ukoo. Mchungaji mgeni kabisa kwa mila za Wajaluo anaweza kujifunza. Ila yule anayezidharau zote, au anayezikubali zote, atawasumbua.

Hilo linanifikisha kwa “mtu wa kwetu”. Lugha ina uzito wa kweli. Bibi wa miaka themanini anapokufa anataka kusikia Sala ya Bwana kwa Dholuo, na ni haki yake. Kwa hiyo andikeni katika maombi yenu kwamba mnahitaji mtu anayehudumu kwa Kiswahili na Dholuo, au aliye tayari kujifunza Dholuo kwa mpango na muda uliowekwa, huku mwinjilisti akitafsiri. Hilo ni hitaji la kichungaji na ofisi ya askofu italielewa. Lakini ukoo na kabila si lugha. Kilutheri kilianza nchini humu mwaka 1948 kwa wamisionari wa Kiswidi waliofika Kisii, na kimeenea kwa watu waliokubali kuchungwa na mtu asiye wa nyumba yao. Mchungaji aliyeletwa kwa sababu ya ukoo hudaiwa na ukoo. Siku atakapolazimika kumkemea mtu wa ukoo huo, au kuamua nani atie sahihi hundi, mtaliona deni lenyewe. Ukimya unaozunguka jambo hili ndio huharibu. Lisemeni wazi barazani, mlikatae wazi, na mliandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Na wafadhili? Mzee, jengo ni kazi ya kamati ya ujenzi. Mchungaji anayekuja kwa ajili ya mradi hutumia siku zake kwenye ripoti na safari za Nairobi, mwinjilisti ndiye hubaki akizika na kufundisha. Msaada ukikatika, mchungaji naye huondoka au hubaki bila kazi anayoijua. Zaidi ya hayo, uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na wanasiasa watakuja na bahasha za harambee. Muulizeni: mgombea akitaka dakika tano za kusalimia kabla ya mahubiri, utasemaje? Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ya viongozi wa serikali iliyotolewa katika ibada, na mjadala huo bado uko hai katika kila dhehebu. Mchungaji mpya anapaswa kufika akiwa tayari na msimamo, na ninyi mkiwa tayari kusimama naye hata sanduku la ujenzi likipungua.

Kutembelea nyumba, kwa upande mwingine, ni ombi ambalo akina mama wamelipatia kabisa. Liandikeni kwa hesabu: kaya ngapi, makanisa madogo mangapi, umbali gani, wagonjwa wa kudumu wangapi wanaohitaji Chakula cha Bwana nyumbani. Hapo mtagundua kama mnachokiomba kinawezekana kwa mtu mmoja. Kaya 120 kwa nyumba tatu kila wiki ni wiki 40. Hiyo ni kila nyumba mara moja kwa mwaka, na wagonjwa wawe juu ya hapo.

Sasa mwenendo wake. Barua za sifa anazokuja nazo zina thamani ndogo, kwa sababu amewachagua waandishi mwenyewe. Kwa ruhusa ya ofisi ya askofu, tumeni watu wawili kule anakohudumu sasa, wazungumze na watu watatu: mweka hazina, mwinjilisti aliyefanya kazi chini yake, na mjane au mgonjwa yeyote wa muda mrefu. Mweka hazina aulizwe kama sadaka ilihesabiwa na watu wawili au zaidi na kuandikwa siku ile ile, na kama fedha ziliwahi kupita kwenye simu ya mchungaji badala ya nambari ya Paybill ya kanisa. Mwinjilisti aulizwe alivyokemewa alipokosea: faraghani au mbele ya watu? Mjane aulizwe mara ya mwisho alipotembelewa. Majibu ya hao watatu yatawaambia kama ni mpole, si mpenda fedha na anaitunza nyumba yake, bila ninyi kulazimika kumuuliza mwenyewe. Ombeni pia cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kwa kuwa atakuwa na watoto wa Shule ya Jumapili na kipaimara. Anayekasirika kuombwa cheti hicho amewapa habari. Na kwa ajili ya watoto hao, wekeni kanuni kabla hajafika: hakuna mtu mzima, mchungaji akiwemo, anayekaa na mtoto peke yake chumba kimefungwa.

Elimu nitaipita haraka. Awe amesoma theolojia ya Kilutheri katika chuo kinachotambuliwa na kanisa lenu. Kwa upande huu wengi wamepitia chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Matongo. Aliyesoma kwingine si lazima akataliwe, ila aulizwe amefundishwa wapi Maungamo ya Kilutheri. Awe na leseni ya kufungisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, au mjue itapatikana lini, kwa sababu maharusi hawatasubiri. Makanisa ya Kilutheri nchini ni zaidi ya moja: kama ninyi ni wa ELCK (Evangelical Lutheran Church in Kenya), wanaowekewa mikono ni wanaume. KELC (Kenya Evangelical Lutheran Church) huwawekea mikono wanawake pia. Kanisa lenu limekwisha amua, na baraza la usharika silo mahali pa kulifungua upya.

Kuna upande mmoja ambao sharika nyingi huuficha mpaka mchungaji ameshusha vitanda: mnaweza kumtunza? Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 9 kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Hesabuni kwa mapato ya kweli ya miezi 24 iliyopita, mkiondoa harambee na misaada ya mara moja. Tuseme mmekubaliana na dayosisi mshahara wa shilingi 25,000. Atakatwa bima ya afya asilimia 2.75, yaani 687.50, tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 375; na NSSF asilimia 6, yaani 1,500. Atabaki na 22,437.50. Mwajiri naye anaongeza 375 za tozo ya nyumba na 1,500 za NSSF, kwa hiyo gharama halisi ni 26,875 kila mwezi.

Ongezeni usafiri. Makanisa madogo mawili, moja kilomita 12 na jingine kilomita 18, kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki kila moja, ni kilomita 120. Pikipiki inayotumia lita moja kwa kilomita 40 itahitaji lita 3; bei ikiwa shilingi 180 kwa lita, ni 540 kwa wiki, karibu 2,350 kwa mwezi kabla ya oili na matairi. Jumla inapita 29,000. Kama sadaka haifiki hapo, mwambieni askofu sasa, ili mgawane mchungaji na usharika jirani au mpewe mwinjilisti huku mchungaji akija kwa sakramenti. Kuahidi na kushindwa ndiko huzaa madeni dukani, na mchungaji anayedaiwa na mshirika wake hawezi tena kumwambia ukweli.

Mke wake asiwe mfanyakazi wa bure. Kama mnatarajia aongoze umoja wa wanawake, semeni, naye awe na haki ya kukataa. Ulizeni familia itakaa wapi na watoto watasoma wapi. Mchungaji ambaye nyumba yake iko Nairobi na yeye yuko Ahero huwa barabarani kila Jumatatu.

Mkishakubaliana, barua ya wito ieleze kazi, makanisa anayohudumia, malipo na tarehe yake, likizo ya mwaka, nyumba, na nani atakayesikiliza malalamiko. Kabla mchungaji wa sasa hajaondoka, fanyeni makabidhiano mbele ya mkuu wa jimbo au mjumbe wa askofu. Orodha iwe na rejista za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Hati ya ardhi, ikiwa kwa jina la wadhamini wa kanisa wala si la mtu binafsi. Vyombo vya Meza ya Bwana. Watia sahihi wa benki na wasimamizi wa Paybill. Rejista ndizo hupotea zaidi, zikibaki kwenye sanduku la mtu, na mshirika akihitaji cheti cha ubatizo miaka mingi baadaye hakuna pa kukitoa.

Kwa kikao chenu kijacho, mzee, nendeni na mambo matatu yaliyoandikwa: idadi ya wahudhuriaji kutoka daftari la miezi 12 (si ya majina kwenye orodha), hesabu ya mapato niliyoieleza, na ukurasa mmoja wa maombi yenu kwa askofu, mkianza na mahubiri na ufundishaji, kisha lugha, kisha ziara. Mwambieni askofu pia kama kuna ugomvi ambao mchungaji mpya ataukuta. Asipoambiwa na ninyi, ataambiwa na upande mmoja wiki ya kwanza.